Fulana ya kupoza mwili kwa sie wenye MS: nyota 4, ila kuna joto moja ilishindwa nalo

Haya, nlisema ntaandika nikishaivaa miezi ya kutosha, si wiki moja kama wengine wanavofanya. Sasa nshaivaa kaskazi mbili na kusi nzima hapo katikati, kwa hivo nna la kusema. Mie nna MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo), mwaka wa 10 huu, naishi Mombasa, na kama na weye uko Mombasa na una MS sina haja ya kukueleza kwa nini mtu mzima atoe pesa za kununulia friji ndogo akanunue fulana. Kwa asiyejua ni hivi: neva zetu zimeliwa ganda la juu, sasa mwili ukipanda joto hata nusu digrii ule ujumbe unakwama njiani, mguu unakuwa mzito kama umefungwa mfuko wa mchanga, jicho linaingia ukungu, ulimi unavuta, ukipoa vyote vinarudi. Ina jina lake kabisa, Uhthoff, yule daktari wa macho wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1890. Na zamani kabla ya MRI, ile skani ya ubongo, walikuwa wanamtia mtu ndani ya maji moto waone kama atalegea, hicho ndo kilikuwa kipimo. Mie kipimo changu ni soko la Kongowea saa sita mchana mwezi wa pili.

Nianze na ile ya kwanza maana hapo ndo nlipigwa. Kuna aina ya kuloweka, unaitia ndani ya maji dakika chache, unaikamua, unaivaa, na yale maji yakikauka yanaondoka na joto la mwili. Bei yake rahisi, nyepesi, picha nzuri, mzungu kwenye baiskeli anacheka. Sasa jiulize mwenyewe, nguo ulizoanika Mombasa mwezi wa tatu zinakauka saa ngapi? Hewa yetu imeshiba maji, hakuna kinachokwenda popote, kwa hivo nlivaa fulana mbichi ndani ya buibui, nikatoka nje, na baada ya nusu saa ilikuwa fulana mbichi ya moto. Harufu ya tambara la kudekia. Nlivorudi kusoma vizuri kwenye boksi wameandika kwa herufi za kama chungu kwamba ni ya sehemu kavu. Basi hawakudanganya, mie ndo sikusoma. Kwa mtu wa pwani hiyo ni nyota 1, na hiyo moja ni ya zipu.

Ya pili ndo hii ninayoisifu. Ina mifuko minne, miwili kifuani miwili mgongoni, na ndani unatia pakiti za kitu kama mafuta yaliyoganda ambacho kinayeyuka kwenye nyuzi kama 15. Si barafu. Barafu inachoma ngozi na ukiivaa mwili unajikunja kwa baridi, hizi zinakaa na ubaridi wa mtungi, ule wa maji ya mtungi wa bibi. Uzuri mwengine ni kuwa hazihitaji friza, ukizitia tu kwenye ndoo ya maji na barafu nusu saa zishaganda tena, na hilo kwa mtu ambaye stima yake inakatika bila salamu si jambo dogo. Uzito kama kilo mbili hivi. Mabega yalilalamika wiki ya kwanza kisha yakanyamaza. Ilinitoka elfu ishirini na mbili pamoja na ushuru, na ikakaa kwa parseli wiki tano. Jina la kampuni sitaji kwa sababu wanaotengeneza ni wengi na zinafanana, weye angalia tu ile nambari ya nyuzi inayoyeyukia na kama pakiti zinauzwa mbali mbali, maana zitapasuka.

Tangazo linasema inakaa baridi saa tatu. Hizo saa tatu ni za nyumbani chini ya feni. Ukiwa barabarani kaskazi hesabu saa moja na nusu, na siri ambayo hawaandiki popote ni kuvaa nusu saa KABLA hujatoka, mwili uanze ukiwa chini, maana ukingoja mpaka mguu uanze kuburura umechelewa. Nikifanya hivo nashuka tuktuk, naingia sokoni, nanunua nazi na muhogo na kubishana bei kama watu, na narudi na mguu wangu. Kabla ya hapo nlikuwa natuma mtoto. Jikoni pia, wakati wa kukaanga bhajia za futari, navaa juu ya dera na leso juu yake, naonekana kama mtu wa zimamoto lakini nasimama mpaka mwisho.

Kitu kimoja tu kina buibui muwe tayari. Mlangoni mwa supamaketi askari wa kike alinipapasa akakutana na kitu kigumu kifuani na mgongoni, akaruka nyuma hatua mbili, nami namuona anavonitazama usoni nikajua anachofikiri. Nikamwambia taratibu, dadangu hii ni ya ugonjwa, wacha nifungue. Nikafungua. Akagusa pakiti, akasema "ah, baridi!" kisha akauliza zauzwa wapi, maana yeye hapo mlangoni anakaa na jua kutwa.

Mpaka hapo ni nyota 5 kavu. Sasa nikueleze hiyo moja imekwenda wapi, na hii ndo sababu hasa ya kuandika.

Wiki ya tatu nlikuwa na hasira nayo mpaka nishaanza kuandika maneno mabaya. Saa tisa za usiku, dirisha wazi, feni inazunguka, nje kumepoa, mie nalala, na ghafla kifuani ni kama mtu amewasha jiko. Inapanda. Shingo, masikio, uso, moyo unapiga kama nimekimbizwa, na baada ya dakika tatu nne nimelowa mpaka shuka, kisha nashikwa na baridi natetemeka. Na nikishuka kitandani niende choo mguu hauko. Nikasema aa, MS hii, joto limenipanda, nikawa nalala na fulana. Nimelala na kilo mbili kifuani, jamani! Na joto likaja vilevile. Pakiti ziko baridi, ngozi iko baridi, na ndani panawaka. Nikaona nimetupa elfu ishirini na mbili baharini.

Mwezi huohuo nlikuwa nshaenda hospitali moja, sitaitaja, nikawaambia mguu umezidi, silali, kichwa kimejaa pamba nasahau majina ya watu, mkojo hausubiri. Wakasema MS imeamka. Nikatundikiwa dripu ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe wa neva, siku tatu, na wanaozijua wanazijua, uso ukavimba, usingizi ukaisha kabisa na yale majoto ya usiku yakazidi maradufu. Hakuna aliyeniuliza joto lenyewe linaanzia wapi. Na mie pia nna makosa yangu, mtu ukishakuwa na MS kila kinachokuja unakitia kwenye gunia hilo moja, hata ukijikwaa kwenye zulia.

Kilichonifungua macho ni daftari. Nlikuwa nataka kurudisha fulana nidai pesa, kwa hivo nikaanza kuandika kama ushahidi: saa ngapi, nimevaa au sijavaa, nlikuwa nafanya nini, mguu ulikuwaje. Siku kumi na nne. Na nikikaa kuisoma naona ni vitu viwili kabisa. Kuna joto linalotoka nje, la jua, la jiko, linapanda polepole, na hilo fulana inalikamata kila mara. Na kuna joto linalotoka ndani, halina saa, linalipuka hata nikiwa nimekaa kimya nasoma, linakwisha lenyewe kwa dakika chache na jasho na baridi, na hilo fulana hailijui kabisa. Ila hilo la ndani likishapita ndo linaacha mguu umelegea, kwa sababu kwa neva zangu joto ni joto, haziulizi limetoka wapi.

Kisha ikaisha Ramadhani. Dadangu, tuko jikoni twapanga vitumbua, ananiuliza kama kawaida ya wanawake, weye una siku ngapi za kulipa mwaka huu. Nikahesabu. Sina. Hata moja. Mwezi mzima nimefunga bila kukatiza, daktari aliniruhusu na mie nikafurahi nikaona Mungu kanipa wepesi. Dadangu akasema "hongera!" kisha akanyamaza akanitazama. Tukarudi nyuma, mwezi kabla ya hapo, na kabla ya hapo. Miezi mitano. Nlikuwa na miaka 38. Shangazi yetu zake zilikatika ana 52, na mamangu hivohivo, kwa hivo neno lenyewe halikuwa kichwani mwangu.

Nikabeba daftari nikaenda kwa daktari wa kina mama, kliniki ndogo tu ya mjini, na huyu mama nampa nyota zote zilizobaki duniani. Swali lake la kwanza, hata hajafungua faili: "Dada, mara ya mwisho kuona siku zako ni lini?" Miaka tisa ya MS, dripu, skani, vidole vya kugusa pua, hilo swali sijawahi kuulizwa. Akasoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Akanitoa damu, homoni inaitwa FSH, ile ambayo ubongo unazidi kuipiga kelele ovari, yaani vifuko vya mayai, zikiwa haziitiki. Kwa umri wangu ikipita 25 na siku zimepotea hivo basi pana jambo. Yangu ilikuwa 71. Akapima na koo, yaani tezi, akapima mimba (nlicheka, kisha nikakaribia kulia), baada ya wiki nne akarudia FSH ikaja 66.

Alinieleza hivi, nami naandika kama nlivoelewa. Wanawake wengi siku zinakoma karibu na 50, 51. Zikikoma kati ya 40 na 45 hiyo ni mapema. Kabla ya 40 hiyo wanaihesabu ni ovari kuchoka kabla ya wakati, na hapendi kuiita kukoma hedhi moja kwa moja kwa sababu mara moja moja zinaamka, mtu anaweza hata kushika mimba, kwa hivo kama unatumia dawa za MS ambazo haziendani na mimba usijiachie ukadhani umeshafunga duka. Na lile joto la ndani, akasema kichwani kuna kitu kama kidhibiti joto, estrojeni, homoni ya kike, ikiondoka kinakuwa na wasiwasi, joto kidogo tu la kawaida kinaona moto, kinafungua mishipa yote kinamwaga jasho. Sasa fulana ya kifuani itamfikia vipi yule wa kichwani?

Kisha akauliza swali la pili, pole zaidi. "Kwenye hizi dawa zako za zamani, uliwahi kupewa saiklofosfamidi?"

Nlipewa. Ni dawa kali ya saratani, wengine wetu wa MS tulipewa pia. Nna miaka 30, mwaka wa kwanza wa ugonjwa, mguu umekufa kabisa, dripu kila mwezi kwa miezi sita. Wakati huo dawa za MS zenyewe hapa kwetu zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na ukumbuke hata WHO, Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya dawa muhimu haikuwa na hata moja ya MS mpaka mwaka 2023 ndo ikatia tatu, rituksimabu, kladribini na glatirameri. Kwa hivo nlipewa iliyokuwepo. Akaniambia hiyo dawa inaweza kumaliza mayai, na iko nyengine inaitwa mitoksantroni nayo pia, na umri ukiwa mkubwa kidogo hatari inazidi. Hakuweza kuapa kuwa kwangu ndo sababu, wengine inawatokea bila kupewa chochote. Lakini nlikaa kwenye kile kiti nikikumbuka yule aliyenitundikia, kijana mpole, ananiambia utatapika kidogo na nywele zinaweza kupungua. Nywele ndo aliniambia. Labda ningekubali vilevile, mtu asiyeweza kusimama hachagui, ila ningejua, na pengine mipango mengine ya nyumbani ningeipanga mapema. Hayo yaishie hapo.

Twende kwenye plasta aliyoniandikia huyu mama basi, maana sasa na yenyewe nna miezi kumi nayo, naweza kuihakiki.

Ni kiplasta chembamba kinachoonyesha ngozi, cha estrojeni, unabandika chini ya kiuno au kwenye tako, si karibu na ziwa, na unabadilisha mara mbili kwa wiki. Mie nimechagua Jumatatu na Alhamisi, siku za sunna, sisahau. Nlimuuliza kwa nini si vidonge, rahisi zaidi. Akasema vya kumeza vinaongeza hatari ya damu kuganda, na mtu kama mie ambaye siku nyengine nakaa kutwa miguu haitembei tayari niko karibu na hatari hiyo, ya ngozini haina mambo hayo kwa kipimo cha kawaida. Na kwa kuwa kizazi ninacho lazima niwe na projesteroni pia, homoni nyengine ya kike, kidonge cha usiku siku kumi na mbili kila mwezi, la sivyo utando wa ndani unanenepa bila breki. Na akasisitiza kwa umri wangu hii si anasa ya kuondoa jasho, ni kurudishia mwili kitu ambacho ungekuwa nacho mpaka karibu na 50. Mwenye historia ya saratani ya ziwa au damu kuganda habari yake ni tofauti, huyo akaongee na daktari wake asinisikilize mie.

Malalamiko ya plasta: Mombasa na gundi haviivani. Wiki ya pili niliamka haipo, nikatafuta kitanda kizima, jioni nikaikuta imebandikana na mkoba wa shule wa mpwa wangu, jinsi ilivofika huko sijui. Kosa langu lilikuwa kujipaka mafuta ya nazi. Sasa pale pahali pake hapaguswi na mafuta, nakausha, nabandika, nakandamiza na kiganja mpaka nimalize kuhesabu sitini. Kuzipata pia kazi, duka tatu hawana, ya nne wakaniagizia kutoka Nairobi. Kwa hilo naipa nyota 4.

Wiki tatu za kwanza hakuna kitu, nikaanza kukata tamaa. Ya nne nikalala mpaka adhana ya alfajiri bila kuamka, nikadhani nimekufa. Ya sita ile ya usiku ilikuwa imepungua ikabaki moja kwa wiki, na mguu wa usiku ukarudi kwa sababu hakuna kinachouchemsha tena. Pamba ya kichwani imepungua nusu. Nusu nyengine ni ya MS yenyewe, ile iko, plasta si dawa ya MS na hakuna aliyeniambia ni dawa yake. Mkojo bado hausubiri sana lakini sasa unabisha hodi.

Na mifupa. Hilo nlikuwa silijui kabisa. Steroidi za miaka yote, kutembea kidogo, na estrojeni kuondoka mapema, vyote vitatu vinakula mfupa. Akanipeleka skani ya mifupa, unalala tu kwa meza dakika kumi haiumi, na uti wa mgongo wangu ukaonekana umeanza kupungua. Mtu mwenye miaka 38 mwenye mguu wa kujikwaa, na mifupa ya bibi! Sasa nakula simsimu na dagaa mpaka paka wa mtaa wananijua.

Daftari nililipeleka na kwa daktari wangu wa neva, huyu wa sasa, si wa ile hospitali ya dripu. Akalisoma, akauliza kama anaweza kulipiga picha. Tukakubaliana kwamba nikizidiwa tena, kabla ya dripu yoyote tunaangalia mambo matatu: mkojo kama una maambukizi, joto la mwili, na ile dalili kama ni mpya na imekaa zaidi ya saa 24. Na siku hizi kwenye faili langu, juu kabisa, ameandika tarehe ya siku zangu za mwisho.

Kwa hivo fulana nyota 4. Mchana inafanya kazi yake yote, usiku haikuwa kazi yake. Ile nyota imekatwa kwa pakiti ya mgongoni ambayo imeshaanza kuvuja pembeni, nimeiziba kwa gundi ya baiskeli, na kwa tangazo lao la "inamaliza joto la aina zote" ambalo lilinipotezea wiki tatu.

Ile ya kuloweka nlimpa kakangu, anaendesha bodaboda Voi, kule kukavu na upepo anao. Anaapa hajawahi kununuliwa zawadi nzuri kama hiyo. Yeye anaipa 5.